Mahindi ya Majivu

Siku Fausta alipoiba Ijumaa ya watu, alikuwa amevaa khanga ya mwenye Ijumaa.

Aliifungua kiunoni mwa wifi yake Emerensiana, jikoni kwenye lodji aliyoimiliki, bila kuomba. Akajifunga yeye, akachovya vidole viwili kwenye donge la mahindi lililobaki mezani na kujipaka kidogo shavuni. Kisha akatoka kwenda ukumbini walikokaa wahandisi saba wa kampuni ya kuchimba visima, akitembea kwa kuchechemea kidogo, kama mtu aliyesimama jikoni tangu alfajiri. Aliyesimama jikoni tangu alfajiri alikuwa Emerensiana. Fausta alikuwa ameamka saa tatu na kunywa chai na mayai mawili.

Mhandisi mkuu aliitwa Ramiro, mtu wa Meksiko, mnene, mwenye masharubu ya kuheshimika. Kwa miaka miwili alikuwa akiishi kambini Sitalike kwa wali na maharage. Sasa alikuwa amekula chapati saba za mahindi zilizokunjwa na samaki wa mgebuka ndani, parachichi, na pilipili ya nyanya za kuchoma, na macho yalikuwa yamemlowa.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "nani amepika?"

"Mimi," Fausta akasema, akijifuta kwenye khanga mikono ambayo haikuwa na kitu cha kufutwa.

"Nani amekufundisha?"

"Ni kipaji tu, baba. Mungu amenijalia."

Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni na trei. Aliahidiwa na Fausta kwamba wageni wakiridhika, kazi ya kupika kila Ijumaa itakuwa yake, kwa jina lake, na kofia nyeupe ya mpishi ataagiziwa kutoka Tabora. Kwa ahadi hiyo alikuwa amepika bure. Ramiro alimwona, akauliza na huyu ni nani.

"Huyu? Huyu ananisaidia kuosha vyombo."

Wahandisi wote saba wakampungia mkono mwosha vyombo. Mwosha vyombo naye, kwa kuwa alilelewa na masista, akawapungia.

Saa kumi na mbili kasorobo dereva wao, Kasimu, alipiga honi. Kampuni ilikataza gari kuwa njiani giza likiingia, kwa sababu ya tembo wanaovuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Ramiro aliahidi kurudi Ijumaa ijayo, na inayofuata, na Ijumaa zote mpaka visima viishe.

Jikoni, Fausta alimkabidhi Emerensiana sufuria ndogo yenye vichwa vya samaki.

"Peleka kwa watoto. Na pitia mlango wa nyuma, wifi, mbele pamepigwa deki."

"Na ile kazi?"

"Kazi gani?"

"Uliyosema."

"Nitakuita nikikuhitaji. Kwani ni ngumu kiasi gani? Ni chapati tu za mahindi. Nimekuangalia, nimeshajua."

Khanga hakuirudisha.

Emerensiana na mumewe Telesphor, fundi baiskeli, waliishi na binti zao wawili katika vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya Fausta, Kawajense, mjini Mpanda. Fausta alikuwa dada mkubwa wa Telesphor na kiwanja kilikuwa chake. Kodi hakuwadai. Badala yake aliwakumbusha. Aliwakumbusha wakianika nguo, wakiteka maji, na siku mtoto alipobatizwa aliwakumbusha kanisani.

Kitu kimoja tu kwenye ua ule hakikuwa cha Fausta, nacho kilikuwa Ijumaa. Emerensiana alikulia Karema, kwenye bweni la masista, na huko sista mmoja wa Meksiko, Sista Lupe, alikuwa akiwapikia wasichana chakula cha kwao kila Ijumaa, samaki kwa kuwa ni siku isiyo ya nyama. Wenyewe Wameksiko hukiita taco. Jina hilo likitamkwa mbele ya wakwe hapa Mpanda huleta kikohozi cha ghafla, kwa hiyo Emerensiana alipoolewa akaja nalo pishi na kuliacha jina, nyumbani walisema tu "za Sista." Kwa miaka kumi na saba, kila Ijumaa jioni, walikaa chini kwenye mkeka, hotpoti katikati, bila sahani wala kijiko. Sheria ilikuwa moja: Ijumaa hakuna anayegombezwa. Hata matokeo ya mtihani yalisubiri Jumamosi.

Fausta naye, ambaye siku nyingine alipita bila salamu, Ijumaa alikuwa na desturi ya kuingia "kujulia hali." Alikula nne, akafuta midomo, akasema chakula cha kushika kwa mikono miwili ni cha watu wasio na meza.

Ijumaa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu waoane, walikula ugali na vichwa vya samaki.

"Alisema unaosha vyombo?" Telesphor aliuliza.

"Mbele ya watu saba."

"Labda ulimi uliteleza."

"Baba Jeni, ulimi wa dada yako tangu lini ukateleza?"

Jeniffer, binti mkubwa, alikuwa kidato cha tatu shule ya bweni na yuko nyumbani kwa likizo ya Juni. Serikali ilikuwa imemfundisha baiolojia na hesabu. Bweni lilikuwa limemfundisha mengine. Alinawa mikono, akaketi wima kama katibu wa kikao, na kuwasilisha mapendekezo.

"La kwanza ni upupu. Upupu upo mwingi Kasokola, tunapaka mashuka ya lodji, vyumba vyote kumi na mbili. La pili, tunaweka mjusi kwenye birika la chai. Hafi mtu. La tatu ninalo, lakini Happiness hajafika umri wa kulisikia."

"Nimefika," alisema Happiness, mwenye miaka mitano.

"Jeni, acha," Telesphor akasema. "Na wewe mama Jeni, achana nayo. Tuko kwenye kiwanja chake."

Emerensiana alikuwa akichambua kichwa cha samaki taratibu, akitafuta nyama iliyosahaulika nyuma ya jicho.

"Upupu unawasha siku moja," alisema. "Mimi nataka kitu kikae. Na sitagusa kitu chake hata kimoja. Tena sitamnyima kitu. Ataona hajui, atakuja kuniuliza, na mimi nitamwambia ukweli wote."

"Ukweli, mama?" Jeniffer alisikitika waziwazi. Alikuwa akimtegemea mama yake kwa makubwa.

"Wote. Hata nukta sitaacha."

Fausta alikuja Jumanne, na salamu ndefu kuliko kawaida. Aliuliza habari za miguu ya Emerensiana, ambayo haikuwahi kuugua. Akasifia ufagio. Kisha akaketi kwenye kigoda, akatazama juu ya paa, na kusema kwamba Enoka, mpishi wake wa lodji, alikuwa amejaribu zile chapati jana na leo, na kwamba Enoka ni mjinga.

"Zinapasuka," alisema. "Ukikunja tu, kwisha. Sasa wifi, lile donge lako ulikuja nalo kwenye ndoo limeshakandwa. Ulitumia unga gani?"

Ndipo Emerensiana akafanya jambo ambalo Jeniffer, aliyekuwa ameshuhudia wasichana mia mbili wakimdanganya matroni, hakuwahi kuona likifanywa kwa ustadi namna ile. Alimtupia binti yake jicho la haraka. Akajikuna shingo. Akakohoa. Pembe ya mdomo ikamcheza, akaizuia, ikacheza tena. Halafu akasema ukweli.

"Sio unga, wifi. Ni mahindi mazima. Hukoboi. Unachukua majivu ya jikoni, unayachuja kwenye maji, maji hayo ndiyo unachemshia mahindi. Yanalala humo usiku kucha. Asubuhi unayasugua mpaka maganda yatoke, unaosha maji saba, unasaga yakiwa na maji yake kwenye mashine ya mkono, ile ya karanga. Basi. Donge ndilo hilo."

Alipomaliza akageukia ukutani na kucheka ndani ya kiganja.

"Majivu," Fausta akasema.

"Majivu."

"Ya mkaa?"

"Ya kuni. Ya mkaa hayafai." Na bega likamtikisika.

Jeniffer alikuwa ameandika kila neno kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri, na tarehe juu. Alimpa shangazi yake kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaelewa. Mama yake alikuwa anasema ukweli mtupu kwa uso wa mwongo.

"Mnaniona mjinga," Fausta akasema.

"Hapana, wifi."

"Watu waliopanda ndege kuja hapa, niwape mahindi ya maganda yaliyopikwa na majivu. Watu wakiharisha, nani anafungwa? Mimi. Na nyie mnabaki na kiwanja."

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki."

"Teli, mwangalie mkeo."

Telesphor aliangalia spoku za baiskeli. Zilikuwa thelathini na sita na zote alizijua.

Fausta akaichana karatasi mara mbili, vipande akaviachia vianguke, akasimama. "Miaka kumi na saba nimewapa paa, na kunisaidia jambo dogo mnashindwa. Nitatumia sembe. Nyeupe, daraja la kwanza. Mgeni analishwa kitu cheupe."

Hapo alisema kwa niaba ya wengi. Mpanda nzima mahindi yapo ya kutosha kuzika mtu, lakini mgeni wa maana akija, dona hufichwa na watu hutumwa dukani kutafuta sembe iliyokobolewa mpaka ikawa kama chaki. Kumpikia mgeni dona ni kumwambia kwamba mmekwama. Kumpikia majivu hakukuwa na jina. Emerensiana alilijua hilo, na kwa hilo alikuwa ameweka dau la nyumba yake.

Alhamisi alikwenda kuungama.

"Nimesema ukweli, padri," alisema kupitia wavu. "Kwa nia mbaya."

Padri akampa Salamu Maria tatu, kwa tahadhari.

Ijumaa Jeniffer aliitwa lodji kubeba trei, kwa kuwa wageni walikuwa wameongezeka. Ramiro alikuwa amesifu sana, na sasa amekuja na mkurugenzi wa kampuni kutoka Dar es Salaam, Bwana Aristide, aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo akiwa na shati jeupe la kitani. Fausta alikuwa amevaa gauni la harusi za watu, pete kila kidole, na juu ya vyote, khanga ya Emerensiana.

Jikoni Enoka alikuwa anakaribia kulia.

"Mama, niruhusu niweke ngano nusu. Zitashika."

"Mzungu wa masharubu amesema mahindi matupu. Ngano inamvimbisha tumbo."

"Lakini hazikunjiki."

"Wewe usizikunje. Watakunja wenyewe, wana shule."

Saa kumi na moja trei zilitoka. Chapati zilikuwa nyeupe kuliko sahani. Bwana Aristide alipewa ya kwanza, kwa heshima. Ramiro alimwonyesha namna ya kuishika, samaki katikati, pilipili juu, parachichi, kunja, inamisha kichwa. Bwana Aristide akakunja. Chapati ikatoa mlio mdogo kama kigae, ikagawanyika, na vyote vilivyokuwa ndani yake vikashuka kwenye shati la kitani kwa mpangilio ule ule vilivyowekwa.

"Samahani," alisema Bwana Aristide, ambaye hakuwa amekosa.

Alipewa ya pili. Ya pili iliifuata ya kwanza. Mezani kote sasa ulisikika mlio ule, hapa na pale. Mhandisi mmoja aliomba kijiko. Mwingine alikuwa anaokota samaki kutoka mapajani mwake huku akimtazama mkurugenzi asije akaonekana anakula. Jeniffer alisimama ukutani na trei yake. Alikuwa ameuma ndani ya mashavu yote mawili.

Ramiro hakukunja. Alichukua kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Mama Fausta. Hii siyo."

"Ni ile ile, baba. Labda umeshiba safari."

"Mahindi umepika na majivu?"

Fausta alicheka, akamtazama mkurugenzi, akaweka mkono wa pete kifuani. Fursa ya kujitofautisha na wale wa uani ilikuwa imekuja yenyewe, na aliipokea.

"Majivu? Baba, mimi siwezi kulisha wageni majivu. Hayo ni mambo ya watu wasiojiweza. Hapa ni sembe tupu, daraja la kwanza."

"Bibi yangu anapika na majivu," Ramiro alisema. "Na wiki iliyopita mahindi yalikuwa na majivu, nilisikia mdomoni. Nani alipika wiki iliyopita?"

"Mimi."

"Basi pika moja. Hapa."

Ramiro alikwenda mwenyewe jikoni akarudi na jiko la mkaa, kikaango na bakuli la donge, akaviweka sakafuni mbele ya meza. Fausta alichuchumaa na gauni lake. Ya kwanza ilibaki kwenye pete. Ya pili iliingia kwenye kikaango vipande vitatu. Ya tatu ilionekana kama itafaulu, watu wakainama kuitazama. Alipoigeuza, ikabaki nusu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, angeweza kucheka nao. Walimtazama tu, kwa adabu, watu kumi na wawili wenye njaa, na jasho likateremka pale alipojipaka donge wiki iliyopita.

"Yule mwosha vyombo," Ramiro akasema. "Yuko wapi?"

"Leo anaumwa."

"Haumwi," alisema Jeniffer kutoka ukutani. "Ni mama yangu. Yuko nyumbani, anakula."

Ramiro alimtazama, akaitazama khanga, na masharubu yakatulia. Alielewa bila kamusi. Bwana Aristide akauliza kama mjini kuna mahali pengine pa kula. Kasimu akapiga honi, na kwa kuwa tembo hawasubiri mtu, walitoka wote kwa mstari. Mlangoni Ramiro alimwambia Fausta asiwawekee tena meza, Ijumaa wala siku nyingine.

Jua lilikuwa bado halijazama Fausta alipoingia uani, viatu mkononi. Jeniffer alikuwa amemtangulia kwa dakika tano, akikimbia, na alikuwa ameshamaliza kusimulia. Familia ilikuwa kwenye mkeka, hotpoti katikati.

"Umeniaibisha," Fausta alisema akiwa amesimama.

"Karibu, wifi. Mimi nimetoka hapa saa ngapi?"

"Ulijua."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka. Lakini nilikwambia."

Fausta alitafuta pa kushika kwenye maneno hayo, akakosa. Akabadilisha sauti. "Sasa sikiliza. Jumatatu unakwenda kambini Sitalike, Kasimu atakuchukua. Unawaambia nilikuwa naumwa, mikono haikuwa na nguvu. Warudi. Kazi nakupa kweli safari hii, kila Ijumaa."

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameitaka Emerensiana mpaka akapika bure. Aliweka chini alichokuwa ameshika.

"Kwa jina la nani?"

"La lodji. Jina la nini tena?"

"Na nikitoka, natokea mlango gani?"

"Wifi, usianze."

"Basi hapana."

Happiness pekee ndiye aliyeendelea kutafuna. Fausta alivua khanga, akaitupa kwenye mkeka.

"Mwisho wa mwezi mtoke. Wote. Teli, umesikia? Kiwanja changu."

Telesphor alikuwa ameinamisha kichwa, na hakukiinua. Emerensiana alimsubiri kidogo mumewe, akaona hapana, akasema yeye, "Sawa, wifi. Tumesikia."

Mambo yangeishia hapo kama Fausta angekuwa amekula. Lakini tangu asubuhi alikuwa akihangaikia wageni, na harufu ya mahindi yale ilikuwa imejaa uani, ile ile aliyoizoea miaka kumi na saba. Alisimama. Akageuka aende. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mkeka, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, na kuchukua moja.

Ilikunjika kama kitambaa. Alikula kwa mikono miwili, gauni likiwa limemkunjamana magotini, na hakusema neno mpaka ilipoisha. Alilamba kidole chenye pete, kisha kile cha pili.

"Nipe nyingine."

Emerensiana aliinua mfuniko wa hotpoti, kiasi cha yeye mwenyewe kuona. Mlikuwa na tano, za moto. Akafunika.

"Zimeisha, wifi."

"Zote?"

"Zote. Ungewahi."

Alisema kwa uso mtulivu kabisa, mikono juu ya magoti. Fausta aliuchunguza uso ule, akauamini, akaanza kuokota viatu vyake.

Happiness, ambaye chekechea walikuwa wamemfundisha kuhesabu mpaka kumi na kutosema uongo, alikuwa amechungulia pembeni mwa mfuniko. Alifungua mdomo.

"Shangazi, bado zi—"

Telesphor, ambaye kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kumpinga dada yake kwa neno wala kwa kope, alichukua ile aliyokuwa ameishika na kuipenyeza nzima, taratibu, kwenye mdomo wa mtoto.

"Tafuna, mama," alisema. "Chakula kikiwa mdomoni mtu haongei."